Wasomaji wa Ukungu

Anayepima CRP, ile protini inayopanda kwenye damu mwili ukivimba au ukishambuliwa na bakteria, haioni protini yenyewe. Anasoma ukungu. Vichembe vya lateksi vilivyovikwa kingamwili hutiwa kwenye seramu. Vikikuta CRP, hushikana mafungu mafungu, na kimiminika huchafuka.

Mwaka 1956, watafiti Singer na Plotz walitangaza kipimo cha lateksi cha kusaka baridi yabisi. Njia hiyo ya kusoma ukungu kwa macho haijafa. Tone la seramu, tone la lateksi, juu ya kioo cheusi: unakoroga, unakizungusha taratibu chini ya taa kwa dakika mbili hivi. Mchanganyiko uliokuwa kama maziwa hukatika chenga. Chenga kubwa kila mtu huziona. Zile ndogondogo za pembezoni ndizo zinazomtenga mzoefu na mwanagenzi, tena azione mapema, maana tone likianza kukauka nalo hutoa chenga zake za uongo.

Siku hizi mashine nazo husoma ukungu huo, na zinatofautiana kwa mahali zinapoweka jicho. Turbidimetria hulielekeza kwenye taa na kupima mwanga uliopotea njiani. Nefelometria huliweka kando, gizani, livizie mwanga uliotawanywa. Taa za gari zikikupiga usoni usiku huoni vumbi. Simama pembeni ya barabara, utaliona lote likielea. Ndiyo maana ukungu hafifu hunaswa vizuri zaidi na nefelometria.

Hata hivyo mimi naipenda turbidimetria. Haidai mashine yake peke yake. Hupanda ileile inayopima sukari na kreatinini, na vichembe vya lateksi vimeufanya ukungu wake usomeke hata protini ikiwa kidogo. Zote mbili zina adui mmoja: seramu yenye mafuta, nyeupe kabla hata haijaguswa. Mjuzi huipima kwanza ilivyo, ndipo atie kingamwili.

Mtego mkubwa ni protini kuzidi. Kila kingamwili hupata ya kwake, hakuna cha kuunganisha chembe na chembe, ukungu unapungua. Mgonjwa anatetemeka kwa homa, karatasi inasema CRP ni ya chini. Mtaalamu hatii sahihi. Anaizimua seramu mara kumi, anairudisha mashineni, na namba inapanda.