Mkono Unaofunga Kihisi

Kichanga ambaye mapafu yake yameshindwa kazi hupewa oksijeni, na oksijeni ni dawa isiyosamehe mkono mzito. Ikipungua, ubongo huumia. Ikizidi, huvuruga mishipa ya damu inayoendelea kuota kwenye retina ya mtoto njiti, na yaweza kumpofusha. Miaka ya 1940 hospitali zenye uwezo ziliwafungulia njiti oksijeni bila kujizuia. Mwaka 1942 Theodore Terry, daktari wa macho wa Boston, akaeleza upofu usiojulikana, na mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne akaitilia oksijeni shaka. Ilipobanwa, vifo vikaongezeka. Kilichokosekana ni kipimo cha kila dakika.

Damu ya ateri hutoa jibu sahihi, ila njiti wa kilo moja ana mililita 90 hivi za damu mwilini mwote, na kilio cha kuchomwa sindano chenyewe hushusha oksijeni inayotafutwa. Miaka ya 1970, huko Marburg, Ujerumani, Renate na Albert Huch waliendeleza elektrodi ya kubandikwa kwenye ngozi, iliyopashwa moto hadi nyuzi 43 au 44 ili oksijeni ipenye kutoka mishipa midogo. Ilifaa, lakini ilibidi ihamishwe kila baada ya saa chache isije ikaunguza.

Oksimita, kifaa cha mwanga kilichoishinda elektrodi hiyo, ilizaliwa na kero. Mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani alikuwa akipima mzunguko wa damu kwa mwanga uliopitishwa sikioni, na mapigo ya moyo yakimharibia vipimo. Akang'amua kwamba kinachopanda na kushuka kwa kila pigo, kama maji kujaa na kupwa, ni damu ya ateri. Ngozi, mfupa na vena hubaki karibu vilevile. Mwaka 1974 akalitangaza wazo lake: mwanga mwekundu na wa infraredi ukipenyezwa pamoja, tofauti ya jinsi unavyomezwa huonyesha ni asilimia ngapi ya hemoglobini imebeba oksijeni.

Hata hivyo sifa kubwa zaidi ni ya muuguzi. Hukizungusha kihisi cha oksimita kwenye kiganja au wayo, taa na kipokezi vikitazamana sawasawa. Kikibana, hukata damu na kuacha kidonda. Kikilegea, mwanga wa nje huingia na namba hudanganya, hasa chini ya taa ya buluu ya kutibu manjano, ndiyo maana hufunikwa. Mkono wa kulia hupendelewa kwa kuwa damu yake huchepuka kabla ya mshipa wa tangu tumboni unaounganisha aota na ateri ya mapafu. Mguu ukisoma chini sana kuliko mkono huo, kuna damu inayoyakwepa mapafu. Kisha hulinganisha mapigo ya skrini na anayoyasikia kifuani. Asilimia 65 dakika moja baada ya kuzaliwa haimtishi: hata mtoto mwenye afya huchukua dakika 5 hadi 10 kufikia 90.

Namba inayomtia wasiwasi ni 100. Lengo la njiti anayepewa oksijeni mara nyingi ni asilimia 90 hadi 95; majaribio makubwa yaliyochapishwa kuanzia 2010 yalionyesha kwamba 85 hadi 89 huokoa macho lakini huongeza vifo. Hemoglobini ikishajaa, oksijeni ya damu yaweza kupanda maradufu bila namba kusogea, kwa hiyo muuguzi huipunguza kidogo kidogo. Ngozi nyeusi nayo yaweza kukifanya kifaa kisome juu kuliko ukweli. Na kifua kinapobonyea kwa kuhangaika kupumua huku skrini ikionyesha heri, sindano hurudi, kwa sababu oksimita haioni kaboni dioksidi wala asidi ya damu.