Ufundi wa Mboga za Jumatano

Mpishi wa mboga hujulikana Jumatano. Jumapili kila mtu ana nafasi: nyama iko motoni, wageni wako njiani, na hakuna anayetazama saa. Lakini ukishuka kwenye matatu pale Kangemi baada ya kukwama Waiyaki Way tangu Westlands, miguu imechoka na watoto wanauliza watakula nini, hapo ndipo ufundi unapoonekana. Wengi wetu tumejiaminisha kwamba uchovu na chakula bora havikai nyumba moja. Mimi naona mboga za majani ndicho chakula hasa cha mtu aliyechoka, mradi mkono wake umefunzwa.

Ufundi huo huanzia sokoni. Jioni pale Kangemi mafungu yamepangwa juu ya magunia: managu, saga, kunde, terere, mrenda, majani ya malenge, na sukuma wiki ambayo haikosi popote. Mtazame mama mboga akikata sukuma. Huyapanga majani jani juu ya jani, akayakunja, akayabana kwa mkono wa kushoto, kisha kisu kikaanza kupita karibu kabisa na kidole gumba, bila ubao wala meza. Macho yake yako kwa mteja mwingine, anamrudishia chenji kwa maneno, na bado mboga inaanguka kwenye karai ikiwa nyembamba sawasawa, tayari kuiva kwa pamoja. Huo ni ufundi kamili, na tumeuzoea mno hata hatuutaji. Ombi langu kwake huwa moja tu: aoshe kwanza ndipo akate. Vitamini C huyeyuka majini, na jani lililokwisha kukatwa likiloweshwa huiacha kwenye beseni. Tena muulize mboga zimetoka wapi. Jijini mwetu kuna sukuma inayomwagiliwa maji taka, na muuzaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo.

Nyumbani, kila jani lina muda wake, na kujua muda huo ndiyo nusu ya kazi. Sukuma haitaki kungoja. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya zipondeke, kisha mboga na chumvi, ugeuze kwa mwiko bila kufunika sufuria. Ukiifunika, asidi inayotoka kwenye majani hunaswa na mvuke na kuua rangi; ukiiacha wazi hupaa. Dakika chache zatosha. Iepue ingali kijani kibichi, ikiwa bado inamlazimu mtu kutafuna. Hadi hapo ugali ndio kwanza unakomaa.

Saga ni habari nyingine. Ni chungu, na wenye haraka huichemsha wakamwaga maji, wakidhani wamemwaga uchungu peke yake. Wapishi wa Magharibi mwa Kenya wana njia bora. Huichanganya na kunde au managu, mboga moja ikapunguza ukali wa nyingine, kisha huimiminia maziwa, wakaichemsha na kuiacha. Kesho yake huipasha tena kwa maziwa kidogo, na keshokutwa vilevile. Siku ya tatu uchungu umelainika, maziwa yameingia ndani ya majani, na utamu wake mboga ya siku ya kwanza haiufikii. Sufuria iliyopikwa Jumatatu ndiyo inayokungoja Jumatano. Kazi yako ni kuipasha hadi itokote vizuri.

Hapa pananifikirisha kila mara. Waliobuni mapishi haya hawakuwa na nafasi kutuzidi. Walirudi nyumbani wakitoka kulima, wakiwa na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Walipika hivyo kwa sababu walikuwa wamechoka. Sisi tumekipokea chakula chao, tukakiita cha mashambani, kisha tunatafuta vibanzi njiani kwa kisingizio cha kukosa wakati.

Dharau hiyo ilifika hadi vyuoni, ambako baadhi ya mimea hii ilifundishwa kuwa magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuithibitishia dunia vinginevyo, akitafiti mbegu, lishe na upishi wake. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku kwa sayansi yake. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa mataifa mengine. Katika kazi hiyo, majina ya wenyeji ya mimea ipatayo 850 yaliandikwa. Utajiri huo wote tunao, na bado katika nyumba nyingi za Nairobi mboga ni sukuma au kabichi, wiki baada ya wiki.

Kuhusu maharagwe na ndengu, ambayo nayo ni mboga ya Jumatano, sina mengi ya kusema, ila loweka usiku, chemsha mara moja mwishoni mwa wiki, gawanya, weka kwenye friji. Jioni unayaunga tu kwa kitunguu na nyanya.

Katika ufundi huu wote, kinachonitia wasiwasi ni kuchambua majani. Kutenganisha majani ya kunde na mashina yake, kutambua ncha laini ya managu na ile iliyokomaa, ni elimu ya vidole, na vidole hufundishwa mapema. Leo mboga nyingi hununuliwa zikiwa zimechambuliwa, na hilo si kosa kwa mtu mwenye haraka. Lakini basi, siku moja katika wiki, nunua fungu zima. Litandaze juu ya gazeti mezani, waite watoto, wavulana kwa wasichana, waketi nawe wachambue.