Sifa za Wanaohoji Hewa

Chombo kikiruka kwa kasi inayopita ile ya sauti mara tano au sita, hewa inayogusa ngozi yake hung'ang'aniwa, hupungua mwendo na kupata joto kali. Utando huo wa hewa ni mwembamba, mara nyingi milimita chache tu. Ukibaki shwari, joto huvumilika. Ukivurugika, joto linaloingia mwilini mwa chombo huongezeka mara kadhaa.

Nawasifu wanahisabati waliojitolea kuuhoji utando huo. Huchukua mtiririko shwari, wakatia kijiwimbi kidogo mno kwenye milinganyo, kisha wakakifuatilia: kitafifia au kitakua? Hawadai kuitabiri vurugu yote. Wanatafuta pale inapozaliwa, na kwangu hiyo ndiyo akili ya fundi wa kweli.

Lester Lees na C. C. Lin waliweka msingi mwaka 1946. Lakini ninayemvulia kofia ni Leslie Mack wa Jet Propulsion Laboratory, Pasadena, California. Katika miaka ya 1960, akitumia kompyuta za wakati ule, aligundua kwamba kwenye kasi kubwa hakuna wimbi moja la hatari bali ukoo mzima. La pili katika ukoo huo ni sauti iliyonaswa ndani ya utando, ikidundadunda kama mwangwi kisimani, na kasi ikishapita takribani Mach 4, yaani mara nne ya kasi ya sauti, ndilo linalokua upesi kuliko mengine. Ajabu yake ni hii: kuupoza ukuta hulituliza wimbi la kwanza, lakini hulichochea la pili. Nani angelikisia hilo bila hesabu? Vipimo vya James Kendall katika maabara hiyohiyo vilikuja kuyathibitisha mawimbi hayo baadaye.

Na kwa kuwa adui ni sauti, sauti humezwa. Hapohapo Pasadena, watafiti wa chuo cha Caltech walitoboa vitundu vidogo mno kwenye upande mmoja wa pia ya majaribio, upande wa pili wakauacha laini. Kwenye vitundu, vurugu ilichelewa.

Hesabu hizi zina mpaka: kitu kilichochomoza juu ya ngozi huweza kuleta vurugu bila kungoja kijiwimbi kikue polepole. Ndiyo maana Agosti 2005 mwanaanga Stephen Robinson alitumwa chini ya tumbo la chombo cha anga Discovery, kabla hakijarudi duniani, kuondoa vipande viwili vya kijazio vilivyojitokeza kati ya vigae. Alivichomoa kwa mkono, na siku sita baadaye Discovery ilitua salama California.