Mwalimu Aliyeomba Swali Lirudiwe

Mwaka 1963 wanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto, walikuwa wakigombania nafasi ndani ya friza. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayagandisha. Erasto Mpemba wa kidato cha tatu, alipoona nafasi inakwisha, akayaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, aliyeyatia bila hata kuyachemsha, yalikuwa bado majimaji mazito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likapata la kumtania: akikosea hesabu, basi ni hesabu za Mpemba. Kijana hakunyamaza. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bikari mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yaliyochemka, akazitia kwenye friza ajionee mwenyewe.

Kisha akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama. Maji ya kiasi kimoja katika bikari mbili, moja nyuzi 35, nyingine nyuzi 100, yakiwekwa pamoja kwenye friza, ya nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini? Wenzake waliona anawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali, akamuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, akaahidi kulijaribu atakaporudi.

Ualimu wa sayansi unastahili sifa hasa kwa kitendo hicho. Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, sawasawa na walimu waliomtangulia. Ila hakuifanya shaka yake kuwa jibu. Aliamini mwanafunzi anayehoji hapaswi kuchekwa, akalipeleka swali maabara. Fundi wa maabara akaleta taarifa kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na kwamba ataendelea kurudia mpaka apate matokeo sahihi!

Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, jina la mwanafunzi likitangulia la mhadhiri. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliitisha shindano la kueleza sababu, yakaja maelezo zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa hukohuko Uingereza walichapisha kwamba katika vipimo vyao hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Shule yoyote yenye friza na vipimajoto viwili inaweza kuingia kwenye ubishi huo wiki hii.