G.M. Ni Nani?

Nilikianza Ubena of the Rivers nikidhani waandishi ni wanaume wawili. A.T. na G.M. Culwick, basi. Kumbe G.M. ni Geraldine Mary, mke wa A.T., na kitabu hiki cha mwaka 1935 juu ya Wabena wa bonde la Kilombero ni kazi ya mume na mke, bwana akiwa afisa wa serikali ya kikoloni.

Kwa sisi tuliokulia Ifakara, kuikuta mito yetu ndani ya kitabu kilichochapwa London ni raha, sikatai. Ila jambo moja linanisumbua. Anayetaka kujua una wake wangapi na umevuna kiasi gani anatoka boma lilelile linalokudai kodi. Ungemjibu nini? Babu yangu, ninavyomjua, angepunguza nusu ya mpunga na mke mmoja.

Sura ninayoirudia ni ya Mtema Towegale Kiwanga. Wageni wengi wa enzi zile walichukua maneno ya wenyeji wakayameza majina yao. Hawa wawili walilitaja la Mtema mwanzoni kabisa mwa kitabu. Hakuwa shahidi asiye na upande, maana kiti chake nacho kiliegemea boma. Lakini kama ana lake la kutetea, analitetea kwa jina lake.

Ningetamani sura moja zaidi, ya mwanamke wa Kibena akimweleza Bi Geraldine. Maana naye alikuwa akitazamwa, kila alipotoka nje.