Pongezi kwa Wauguzi wa Fistula

Katika hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, wamo wauguzi ambao kazi yao yastahili kusifiwa kwa dhati. Maana mwanamke mwenye fistula, ambaye uchungu wake ulikawia siku mbili tatu, kichwa cha mtoto kikakibana kibofu hata nyama ikafa na kutoboka, hutokwa na mkojo usiku na mchana bila ya hiari yake, na aghalabu jamaa zake wamekwisha kumtenga. Nauli hutumwa kwa M-Pesa, naye husafirishwa kutoka kijijini hadi hospitalini hapo.

Daktari akisha kuliziba tundu, amana humwangukia muuguzi: kwa takriban majuma mawili yampasa kuuangalia mpira wa mkojo, usijipinde wala usizibe, kwani kibofu kikijaa mshono huweza kufumuka, tena humbembeleza mgonjwa anywe maji mengi, ilhali yeye, kwa mazoea ya miaka ya fedheha, huyaogopa maji. Na wale ambao tundu lao limefunga lakini bado huvuja wakikohoa, hao nao, kwa haki kabisa, hawahesabiwi kuwa wamepona, bali hufundishwa kwa subira kuikaza misuli ya nyonga.