Sikiliza Wanavyosikilizana: Namna ya Kuitambua Rekodi Bora ya Jazi ya Jukwaani

Mpenzi wa jazi akiulizwa kwa nini rekodi fulani ya jukwaani ni nzuri, aghalabu hutaja wepesi wa vidole vya mpiga solo, vifijo vya watazamaji au usafi wa sauti. Vyote vitatu vinapendeza, lakini hakuna hata kimoja kinachotosha kuwa kipimo. Wepesi hupatikana kwa mazoezi, vifijo hutegemea waliohudhuria usiku ule, na usafi wa sauti ni kazi ya fundi mitambo. Jazi hubuniwa papo hapo na watu kadhaa kwa pamoja, hivyo ubora wake sharti utafutwe pale watu hao wanapokutana. Je, alichopiga mmoja kimembadilisha mwenzake? Rekodi inayojibu ndiyo, dakika baada ya dakika, ni bora hata ikiwa na mikwaruzo. Inayojibu hapana inaonyesha ustadi tu, hata kama kila noti imekaa mahali pake.

Ili kulipata jibu hilo, anza na besi, usianze na saksafoni wala tarumbeta. Mpiga solo anajitangaza mwenyewe. Sikio humfuata bila kuamrishwa. Besi lazima uitafute, na ukishaipata utajua upesi kama bendi inazungumza au inamsindikiza mtu mmoja. Mfano usio na kifani ni ule wa Jumapili, tarehe 25 Juni 1961, pale Village Vanguard jijini New York, ambapo Bill Evans alipiga piano, Scott LaFaro besi na Paul Motian dramu. Siku hiyo walipanda jukwaani mara tano, na kutokana na tepe zake zikatoka albamu mbili, Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby. Katika bendi nyingi za wakati huo kazi kuu ya besi ilikuwa kushikilia mapigo manne ya kila hatua ili wengine wasipotee. LaFaro aliuacha mpango huo mara kwa mara. Evans akimaliza sentensi, yeye anapanda kwenye sauti za juu za besi na kuijibu. Evans akijaza nafasi, yeye anapunguza. Motian naye mara nyingi hautangazi mdundo waziwazi, kwa kuwa anaamini wenzake wanaujua. Glasi zinagongana na watu wanaongea katikati ya muziki, lakini hakuna kinachopotea. LaFaro alifariki katika ajali ya gari siku 11 baadaye, akiwa na miaka 25. Wapo wanaosema msiba huo ndio uliozipa tepe hizi heshima yake. Msiba umeongeza huzuni ya msikilizaji, lakini majibizano yale yalikuwa yamekwisha kunaswa kabla yake, na asiyejua habari ya ajali huyasikia vilevile.

Hatua ya pili ni kulinganisha. Wimbo mmoja uliopigwa mara mbili na bendi ileile hufichua mengi kuliko nyimbo kumi tofauti, kwa sababu unaonyesha kipi kilipangwa na kipi kilizaliwa pale pale. Hapo hazina kubwa ni rekodi za Miles Davis katika klabu ya Plugged Nickel, Chicago, tarehe 22 na 23 Desemba 1965, ambazo seti yake kamili ilitoka miaka 30 baadaye. Alikuwa na Wayne Shorter kwenye saksafoni, Herbie Hancock kwenye piano, Ron Carter kwenye besi na Tony Williams, kijana wa miaka 20, kwenye dramu. Nyimbo zinajirudia, "If I Were a Bell" ukiwa mmojawapo, lakini njia hazijirudii. Mara mwendo unalegea mpaka karibu kusimama, mara piano inanyamaza na kumwachia Shorter uwanja mtupu, mara dramu zinatoweka pale ulipotarajia kishindo. Mchague mmoja wa kundi la mdundo, mfuate yeye peke yake katika toleo la kwanza, kisha umfuate tena katika la pili. Akiwa amepiga yaleyale chini ya solo mbili tofauti, hakuwa akisikiliza. Hawa walisikiliza.

Tatu, zingatia wanavyoipokea ajali. Tarehe 13 Februari 1960, jijini Berlin, Ella Fitzgerald aliimba "Mack the Knife", maneno yakamtoka kichwani. Hakusimamisha wimbo. Aliendelea kwa kubuni maneno mengine, akiimba kwamba ameyasahau yale ya asili, akamtaja Louis Armstrong na kuiga sauti yake, na wakati wote huo bendi ikabaki naye bila kuyumba. Kilichoonekana pale hakiwezi kukaririwa mapema, nacho ni kumiliki wimbo kiasi kwamba mtu akipoteza sehemu yake bado ana pa kusimama. Kosa lenyewe si sifa, na rekodi yenye makosa mengi haiwi bora kwa sababu hiyo. Linalohesabiwa ni kilichotokea katika sekunde zilizofuata.

Mpinzani wa kwanza atauliza: tutapimaje kusikilizana kama rekodi yenyewe haisikiki vizuri? Hoja hii ina nguvu. Katika onyesho la Massey Hall, Toronto, tarehe 15 Mei 1953, walikutana Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach. Besi ilinaswa kwa udhaifu, na baadaye Mingus akaipiga upya juu ya tepe. Anayesikiliza toleo hilo anasikia besi iliyokwisha kujua solo zitakwenda wapi, kwa hiyo asiitumie kama ushahidi wa majibizano ya usiku ule. Sauti nzuri, basi, ni sharti la kuhukumu, lakini si hukumu yenyewe. Pia huweza kupotosha. Duke Ellington alipopiga katika tamasha la Newport tarehe 7 Julai 1956, mpiga saksafoni wake Paul Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya solo katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue", na umati ukawaka. Lakini alikuwa akipigia maikrofoni isiyo yake, ile ya redio ya Voice of America, hivyo kwenye albamu alisikika kwa mbali. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ilirekodiwa upya studio na kuongezewa vifijo. Toleo la mwaka 1999 liliunganisha tepe mbili za usiku ule, na solo ikasikika karibu. Kwa zaidi ya miaka 40, kilichosikika safi kilikuwa na mengi ya studio, na kilichosikika hafifu ndicho kilichokuwa kweli. Kabla ya kusifu toleo lolote, jua tepe yake ilifanyiwa nini.

Wa pili atasema: kama kipimo ni kusikilizana, studio nayo inacho. Kweli. Albamu ya Miles Davis, Kind of Blue, ilirekodiwa studio kwa siku mbili za mwaka 1959, na katika kusikilizana haipungukiwi na rekodi yoyote ya jukwaani. Jukwaa linaongeza nafasi tu: wimbo hauanzishwi upya, na muda unaruhusu wazo likue. Wa tatu atauliza: mpiga piano aliye peke yake anamsikiliza nani? Keith Jarrett, jijini Köln tarehe 24 Januari 1975, alipewa piano mbovu, yenye sauti za juu nyembamba na za chini dhaifu. Akakaa zaidi katikati ya kibodi na kurudiarudia mafungu ya noti ya mkono wa kushoto ili kujenga nguvu ambayo chombo hakikuwa nayo. Alikisikiliza chombo chake, na kila alichokosa kikageuka uamuzi wa kimuziki.

Atabaki anayeamini kwamba haya yote ni suala la ladha. Ladha huchagua kati ya utulivu wa Evans na moto wa Gonsalves, na hakuna anayepaswa kuamriwa hapo. Lakini swali la kama besi ilijibu au haikujibu linaweza kuchunguzwa na watu wawili wasiokubaliana, wakirudia dakika ileile hadi mmoja amwonyeshe mwenziwe. Kipimo hiki kinafaa pia ukumbini: chagua kiti cha kukuwezesha kuwaona wote, kisha mtazame asiyepiga solo. Akimwangalia mwenzake na kubadili mkono wake kwa alichosikia, kiingilio chako kimepata thamani yake, na jina la bendi hiyo linastahili kufuatwa hadi dukani.